Ukubwa wa Kuonyeshwa kwa Mikono

Obuya alisimama katikati ya ukumbi wa kanisa pale Woodley, mikono ameitanua kama anayepima kitanda, akatangaza kwa Kiingereza kwamba andazi alilokula asubuhi lilikuwa “colossal”.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Mwihaki, karani mstaafu aliyewafundisha watu wazima kusoma kila Jumapili alasiri, akavua miwani.

“Mzee Obuya, andazi ukilipa neno hilo, Mlima Kenya utaupa lipi?”

“Mwalimu, hukuliona hilo andazi!”

“Colossal si kubwa hivi hivi. Ni kubwa la kukusimamisha njiani. Jumapili ijayo kila mtu alete kitu kinachostahili neno hilo, na atuonyeshe kwa mikono. Asiyesimama atabaki benchi la herufi, la wanaoanza kusoma.”

Nakhumicha aliinamisha kichwa. Tangu Januari hakuwahi kufungua kinywa darasani. Shule aliiachia darasa la tano, na Kiingereza kwake kilikuwa kama vyombo vya wageni katika nyumba ya Loresho alikofanya kazi: vya kuoshwa na kurudishwa kabatini, si vya kulia. Lakini benchi la herufi lilikuwa limemchosha. Alitamani kusoma kitabu kizima, jalada hadi jalada, bila kidole cha mtu kumwongoza.

Alhamisi alitumwa mjini kuchukua mapazia kwa fundi. Njiani akawa anatafuta kitu chake, hata akafika chini ya jengo refu la vioo, akainua shingo. Jengo lilikuwa limeyabeba mawingu kifuani. Hili hapa, akajiambia. Ndipo akaona nukta ikining’inia kwenye kamba, ikiyumba na kufuta vioo, ikifuta na kuyumba.

“Dada, tembea ama upishe watu!” mchuuzi mmoja akamkemea.

Akasogea ukutani, macho bado juu. Nukta ikashuka, ikaota miguu, ikawa na ndoo na kofia ngumu. Ilipokanyaga chini na kofia kuvuliwa, alikuwa Ivyne, mwanafunzi mwenzake, yule waliyemtania kwamba huomba ruhusa hata ya kukohoa.

“Nakhumicha! Sasa?”

“Poa. Ni wewe ulikuwa huko juu? Kwani huogopi?”

“Nani amekudanganya siogopi?” Ivyne akacheka, akamnyooshea vidole. Vilikuwa vikitetemeka kama majani. Akanywa maji, akavaa kofia. “Wacha nirudi. Nimebakisha upande ule.”

Jengo lilibaki palepale, lakini machoni pa Nakhumicha lilikuwa limepungua. Siku zote aliamini mashujaa ni watu wa mbegu nyingine, watu wasiokaukwa na mate. Sasa alisimama na mapazia yake kwapani, akiitazama kamba ikimpandisha mwoga hadi mawinguni.

Jumapili Obuya alileta lori la miwa kwa mikono yake, mwenzao Karanja akaleta tembo. Zamu ya Nakhumicha ilipofika, magoti yalimcheza. Aliyaacha yacheze, akasimama nayo hivyo hivyo. Akasema kwa Kiingereza, neno baada ya neno, kwamba ujasiri wa Ivyne ni colossal.



“Haya, tuonyeshe,” Mwalimu akasema kwa upole.

Nakhumicha akaitazama mikono yake. Haikutanuka. Aliinua mmoja tu, akakaribianisha kidole cha shahada na gumba, akaacha mwanya wa kupita punje ya mtama.

“Nilipomwona kutoka chini, alikuwa hivi.”

Hakuna aliyecheka. Obuya akageuka kumwangalia Ivyne, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa leso.

“Chini ya nini? We Ivyne, kwani ulikuwa wapi?”

“Muulize huyo,” Ivyne akajibu ndani ya leso.

Nyuso zote zikamgeukia Nakhumicha. Kiingereza chake kilikuwa kimekwisha, lakini hakuketi.