Kamba Iliyoloa Asubuhi

Siku Ngazi anatolewa plasta mguuni, mtaa ulikuwa umeshamwangusha mtini mara sita kwa mdomo. Wa saluni walisema alikuwa amelewa. Wa mashine ya kusaga walisema alisinzia. Yuko hata aliyeapa kwamba nguruwe mwitu mwenyewe alikuja akautikisa mti kwa makusudi, na aliyeapa hakuwa mtoto, alikuwa mtu mzima na meno yake yote kinywani.

Mke wake, Dobi, alizisikia zote sita, maana zote zilipita uani kwake pamoja na nguo chafu. Watu walikuja kuleta shuka moja wakaondoka chai ya pili imekwisha. Na Dobi mwenyewe hakuwa nyuma: habari ikimwingia sikioni haikulala humo, ilitokea mdomoni ikiwa bado ya moto. Ila hii ya mumewe ilimkaa kooni.

Ngazi hakuitwa Ngazi kwa ajili ya urefu tu. Kwenye msitu ule unaopakana na mashamba, misumari ilikuwa marufuku, maana huozesha miti. Yeye ndiye aliyewafundisha wawindaji wote kupanda kwa vidato vya kufunga. Unachukua kipande cha mti mgumu, urefu wa mkono, unakilaza kwenye shina. Unazungusha kamba iliyokunjwa mara mbili, unapitisha ncha kwenye kitanzi chake, unavuta kurudi ulikotoka, kisha unaikatiza juu ya kipande mara mbili na kuuficha mkia chini. Uzito ukishuka, fundo linajikaza lenyewe. Vidato kumi hivyo, kimoja juu ya kimoja, hadi kwenye ulingo, unapokaa kuwasubiri nguruwe wanaokuja kufukua mihogo ya watu. Msimu ukiisha unafungua, unaondoka, mti haujui hata kama ulikuwepo.

Msimu uliopita kidato cha saba kilimtupa. Alipoweza kutambaa, kabla hata ya kupiga kelele za kuita watu, aliitazama kamba. "Fundo halikufunguka," alimwambia mkewe hospitalini. "Kamba haikukatika. Kidato kimeteremka tu, mama, kama kimechoka. Sasa hapo kosa la nani kama si la mikono yangu?"

Tangu hapo akawa mtu wa ndani. Mguu ulipona, mikono haikupona. Kila alasiri alikaa barazani akifunga kidato kwenye nguzo, anafungua, anafunga tena. Kukikanyaga, hapana.

Jumatatu akaja Mwenyekiti wa wawindaji, ambaye pia ndiye mwenye bucha, na makoti yake ya kufuliwa chini ya kwapa.

"Shemeji, haya ya Alhamisi," alimwambia Dobi. Kisha akamgeukia Ngazi. "Mzee, Jumamosi ofisa wa wanyamapori anakuja kukagua. Kila mtu anapanda mti wake mbele yake. Asiyepanda, jina linatoka kwenye kibali."

"Nimesikia."

"Mti wako una watu watatu wanaoumezea mate. Mimi nawazuia, lakini nina mikono miwili tu."

Ngazi akaendelea kufunga kidato chake kwenye nguzo kana kwamba wanazungumza habari za mtu mwingine.

Jumatano kulikucha na mvua nyembamba, ile isiyojua kama inanyesha au inatania. Kamba za uani zilikuwa zimejaa mashuka, na makoti ya Mwenyekiti hayakuwa na pa kukaa. Dobi akachomoa stoo kipande cha kamba ya katani kilichobaki, akakifunga kutoka nguzo ya baraza hadi nondo za dirisha, huku manyunyu yakimlowesha, akakivuta hadi kikalia kama uzi wa gitaa. Jua lilipochomoza akaanika makoti saba, meupe pe, akaketi kumsikiliza Mama Saluni, ambaye siku hiyo alikuwa na habari ndefu ya bwana harusi aliyekosea nyumba.

Adhuhuri Mama Saluni akakatiza habari yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Shoga! Makoti ya Mwenyekiti yanakoga tope!"

Kweli. Kamba ilikuwa imebonyea katikati, na pindo saba zilikuwa zimelala kwenye matope.

"Umefunga vibaya," alisema Mama Saluni, akicheka. "Mume na mke, kazi moja!"

Dobi aliinuka. Alikwenda kwenye nguzo akalishika fundo. Halikufunguka. Akaifuata kamba kwa kiganja hadi dirishani. Haikukatika. Imelegea tu, kama imechoka.

Akasimama palepale, maji ya makoti yakimdondokea miguuni.

Miaka kumi na mmoja alikuwa ameanika kwenye kamba za katani. Ikinyesha, kamba inanywa maji, inavimba na kujikunyata. Jua likiwaka, inalegea, naye anapita kuikaza huku mdomo wake ukiendelea na umbea, kama mtu anavyojikuna. Mkono ulijua, kichwa hakikuwahi kuulizwa. Kisha makoti ya wauguzi wa zahanati yakaanza kurudishwa na madoa ya nyuzi za katani. Ndipo, wiki ile ya kufungua msimu uliopita, alipozichukua kamba za nailoni za mumewe chini ya kitanda, akaziunga kuwa kamba za kuanikia, akamnunulia yeye za katani, mpya, ngumu, harufu ya duka. Kamba si kamba? Na Ngazi alishukuru! Alisema asante, akabeba, akaenda kufunga vidato vyake asubuhi. Asubuhi yenyewe mvua ilikuwa inanyesha. Akarudi kupanda saa kumi alasiri, baada ya jua la mchana mzima.

"Shoga, umepatwa na nini? Umekuwa kama umemeza sabuni."

"Nenda nyumbani, Mama Saluni."

"Chai yangu je?"

"Nenda na kikombe."

Peke yake, Dobi alipigana na nafsi. Angeweza kuzirudisha nailoni kimyakimya. Apande Jumamosi, yaishe, na mtaa usipate ya saba. Lakini alimwona mumewe kwenye baraza, mtu mzima, akilifungua fundo lisilo na kosa na kulifunga upya, na kulifungua tena. Na nailoni angeifunga kwa mikono ileile asiyoiamini.

Akaenda akaketi sakafuni karibu naye.

"Baba, nina habari."

"Bwana harusi aliyekosea nyumba. Nimeisikia kutoka hapa."

"Hii ni yangu. Ni mimi niliyekuangusha."

Akamweleza yote, bila kupumzika. Ngazi aliacha kufunga. Aliivuta kamba kutoka nguzoni, akaipitisha kati ya vidole.

"Lete ndoo," akasema mwishowe.

Aliloweka kamba ya katani, akafunga kidato kwenye nguzo inayopigwa na jua, akakibonyeza kwa nguvu zake zote. Kikakaa kama kimeota hapo. Wakasubiri. Mama Saluni alirudisha kikombe, akaona watu wawili wanaitazama nguzo, akaketi naye kuitazama bila kuuliza. Hilo nalo halikuwahi kutokea. Saa tisa Ngazi akainuka, akaweka kiganja juu ya kidato, akaegemea kidogo. Kidato kikateleza hadi chini, na fundo lake likiwa zima, zuri, halijafunguka.

"Ala!" alisema. Akakiokota, akakigeuza. "Kwa hiyo mikono yangu ni mizima?"

"Mizima, baba. Nisamehe."

"Wewe ulinunua, mimi nikafunga. Miaka ishirini niko porini, nikabeba kamba nisiyoijua bila kuiuliza swali. Tugawane nusu kwa nusu."

"Mimi nina robo tatu," alisema Dobi, akilia na kucheka.

"Basi robo tatu chukua, ila fungua zile nailoni."

Akafunga kidato kwa nailoni. Akaweka mguu mzima. Akasita. Kisha akaweka na ule uliovunjika, akasimama hewani, nusu mita tu kutoka sakafu ya baraza yake mwenyewe, ameshika nguzo kama mtu aliyepanda mlima.

Jumamosi walifika mtini mapema, umande bado umejaa kwenye majani. Wawindaji walikuwa wameshafunga vidato vyao tangu alfajiri na sasa walimzunguka ofisa. Mmoja nyuma akanong'ona, "Leo hajanywa?" na wengine wakaguna. Dobi alisikia. Kusikia ndiyo kazi yake.

"Nyinyi!" alisema. "Miezi yote hii mmemlewesha mume wangu bure. Sasa sikilizeni ya kweli, na msinirekebishe, maana hii habari nimeisababisha mwenyewe."

Akaitoa hadharani yote, na makoti ya tope ndani yake. Walianza kwa kucheka. Alipofika kwenye kamba inayofungwa ikiwa imeloa na kulegea ikikauka, kicheko kilipungua, watu wakaanza kutazamana. Mmoja akainama kwenye mfuko wake wa kamba, akachungulia, akaufunga. Mwenyekiti alikuwa akiutazama mti wake mwenyewe, hatua hamsini kutoka pale, wenye vidato kumi vilivyofungwa kwa katani mpya kwenye umande.

"Kumbe makoti yangu ndiyo yaliyoniokoa," alisema polepole.

"Nimeshayarudia bure, Mwenyekiti."

"Shemeji, nyamaza kwanza niende nikafungue."

Ofisa hakumngoja. Akafungua daftari lake, akamtazama Ngazi. "Haya, mzee. Zamu yako."

Ngazi alifunga vidato vyake akipanda, kimoja baada ya kingine, kamba za nailoni zikimning'inia begani, baadhi bado zina vibanio vya nguo ambavyo Dobi alisahau kuvitoa. Hakuna aliyecheka. Cha tano. Cha sita. Alipofika cha saba alikifunga, akakijaribu kwa mkono, akatulia. Chini, Dobi alikuwa ameuma kanga yake. Mguu uliovunjika ukatangulia. Ukakaa. Fundo likajikaza kwa mlio mdogo ambao Dobi, kutoka chini, aliusikia vizuri.

Kisha cha nane, cha tisa, cha kumi, na Ngazi akaketi juu ya ulingo wake. Ofisa akaandika.

"Mama!" sauti ikatoka juu.

"Nini tena?"

"Kwetu panaonekana! Mbona umeanika mashuka ya watu juu ya mabati?"

"Kamba si umezikanyaga wewe!"

Wakaangua kicheko, ofisa pamoja nao, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa juu.