Vifungo Sabini na Vitatu

Sifuri ndiyo nusura initoe kazini. Si sifuri ya mtihani. Hiyo tulishazoeana tangu utotoni. Hii ilikuwa sifuri ya watu. Tulihoji watu elfu moja na mia tano, na asiyeamini kwamba kuna Mungu hakupatikana hata wa dawa.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa nchi nyingi kwa mpigo, na swali kubwa lilikuwa moja kila mahali: katika kila watu mia, wangapi hawaamini? Mimi nilikuwa kiongozi wa wadodosaji tisa, watu wa kupita nyumba hadi nyumba na maswali yao mkononi. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe, na nilijua nani huchelewa, nani hupenda kukaribishwa chai. Kwa hiyo Mkaguzi alipotumwa kutoka makao makuu, akaketi mbele ya meza yangu na kuniuliza kwa upole kama zile fomu tulizijaza tukiwa tumekaa kivulini, damu ilinichemka.

Alisema zipo nchi zilizoleta wachache sana na zipo zilizoleta wengi, lakini iliyoleta sifuri ni yetu tu. Kwake yeye, sifuri ilikuwa dalili ya takwimu zilizopikwa. Ripoti ingefungwa baada ya siku kumi na mbili. Kama hatungekuwa na maelezo, nchi yetu ingefutwa kwenye jedwali, mkataba ungevunjwa, na sisi kumi tungeingia kwenye orodha ya waongo wasioajiriwa tena kwenye utafiti wowote.

Nikamwambia, "Kichwa kigumu ninacho, mdomo ninao, na mume wangu atakuongezea mengine. Ila uongo sina. Simama twende ukaone."

Tukafuatana na mdodosaji tuliyemwita Redio, kwa kuwa kumzima ni kazi. Akabisha hodi kwenye nyumba yenye pazia la kijani. Mama mwenye nyumba akatukaribisha sebuleni, ambako alikuwapo mama mkwe wake, watoto watatu, na jirani aliyekuja kurudisha chekeche na kusahau kuondoka. Redio akasalimia vizuri, kisha akasoma utangulizi wetu: "Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha salama." Wote wakaitikia kwamba tumshukuru. Yakapita maswali ya umri, ya shule, ya kazi. Alipofika swali la thelathini na moja, akauliza kama mama yule anaamini kwamba kuna Mungu.

Mama yule akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, si tumeshamshukuru wote hapa mwanzoni?"

Sebule nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Niliona aibu imenipanda kuanzia miguuni, kwa sababu ghafla nilielewa kazi tuliyokuwa tukiifanya miezi miwili. Tulikuwa tunaingia kwenye nyumba ya mtu, tunamjibia swali kabla ya kumuuliza, tunamuitikisha mbele ya mama mkwe, halafu tunamuuliza kama ana neno la kuongeza.

Tulipotoka nje Mkaguzi akauliza utangulizi ule uliandikwa na nani. Ningeweza kusema ulitoka ofisini. Redio alikuwa ameinamia kamba za viatu vyake, na viatu vyenyewe ni vya kutumbukiza, havina kamba.

"Mimi," nikasema. "Na nilijisifu nao."

Ni kweli. Niliutunga siku ya mafunzo ili tusionekane watu wasio na adabu, na wenzangu walinipigia makofi. Mkaguzi hakunigombeza. Alisema tu kwamba siku zilizobaki ni kumi na mbili, na kama nina njia ya kumfanya mtu ajibu bila kufungua mdomo, nianze.

Nikapiga moyo konde, nikaenda kwa baba yangu.

Baba ni fundi cherehani. Kibanda chake kina mashine mbili, meza ya kukatia, na kuta zilizojaa mitungi ya vifungo. Nikamweleza nilichotaka: kila mtu apewe kifungo cheupe na cheusi. Anayeamini atumbukize cheupe, asiyeamini cheusi, na asijue mtu. Nilidhani atanijazia mfuko niende zangu. Badala yake aliweka mkasi chini, akaniuliza vitatumbukizwa ndani ya nini. Nikamwonyesha kopo. Akadondosha kifungo kimoja ndani, kikalia, akatikisa kichwa.

"Watasikiliza," akasema.

Alisema kopo halifai, zitafaa mifuko ya kitambaa kizito, yenye shingo ya kupitisha mkono mzima. Tena mifuko miwili kwa kila mdodosaji, maana kifungo kinachobaki mkononi nacho kitamsema mtu; nacho kitumbukizwe kwenye mfuko wa mabaki. Mtu aingize ngumi kwenye wa kwanza, aingize ngumi kwenye wa pili, atoe mikono mitupu. Kisha akaanza kupima unene wa vifungo, na kila cheusi kilichozidi kidogo akakiweka pembeni ili kisitambulike kwa kidole. Mteja alikuja kuchukua gauni lake akaambiwa arudi kesho. Baba sijawahi kumwona akimrudisha mteja. Nikajisemea uzee umeanza kumtia usumbufu, lakini mifuko kumi na minane iliyotoka pale, hata ungeitikisa sikioni, isingekwambia kitu.

Siku kumi tukazunguka upya. Utangulizi niliufuta, salamu ikabaki habari za leo, nzuri, basi. Mhojiwa mmoja mmoja, mbali na sebule. Mifuko ilishonwa mdomo kila jioni ikalala kwenye kabati la Mkaguzi. Kura ya kuchagua mitaa ikauangukia mtaa wa wazazi wangu, nami kwa kuwa ni binti yao nikamtuma Redio. Alirudi na habari ambazo sikumuomba. Mama alitumbukiza kabla hajamaliza kuelezwa, akamwambia amekonda. Baba alisimama na mkono ndani ya mfuko muda mrefu.

"Nikajua fundi anakagua mshono wake," Redio akasema.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, tukaunganisha meza nne za ofisi, tukakata nyuzi na kumwaga mifuko tisa ya majibu kwa pamoja. Nilitazama ule mlima nikaona weupe mtupu. Tukaanza kutenga. Cheupe, cheupe, cheupe, na wadodosaji wangu tisa hakuna aliyeongea, hata Redio. Kisha mkono wa Mkaguzi mwenyewe ukaokota cheusi. Akakiweka peke yake kwenye ukingo wa meza. Kikaja cha pili. Vikaja vitatu kwa pamoja.

Vyote vilikuwa elfu moja na arobaini. Vyeusi vilikuwa sabini na vitatu. Mkaguzi, ambaye hamwamini mtu, akaagiza mifuko ya mabaki nayo imwagwe, maana humo mambo yanapaswa kuwa kinyume. Tukahesabu: vyeupe sabini na vitatu, bila kupungua wala kuzidi. Akavua kofia yake.

"Saba katika kila mia," akasema. "Mlikuwa mnasema kweli. Naomba radhi."

Redio alinibeba juujuu, mtu mzima na heshima zangu, akanizungusha ofisi nzima. Nchi yetu iliingia kwenye jedwali saa tisa alasiri, na chini yake maelezo ya mifuko ya kitambaa, ili nchi nyingine zijifunze.

Nilienda moja kwa moja kibandani kujigamba. Baba alikuwa anapiga pasi suruali, Mama amekaa nyuma anapinda shati. Nikamsimulia yote, nikamsifia mifuko yake, nikaiga sura ya Mkaguzi. Baba alingoja nimalize.

"Vyeusi vingapi?"

"Sabini na vitatu."

Akaisimamisha pasi. Akairudia ile namba polepole, akakaa kwenye kiti cha wateja ambacho hakikalii kamwe.

"Miaka arobaini," akasema, "nilidhani niko peke yangu."

Mama hakuinua macho kwenye lile shati. Akakata uzi kwa meno.

"Miaka arobaini nakuona umefumbua macho tukiombea chakula," akasema. "Unadhani mimi nilikuonaje?"

Baba akamgeukia. Kisha akacheka, kicheko kikubwa ambacho sikuwahi kukisikia kikitoka kifuani mwake, mpaka watu wa kibanda cha pili wakachungulia. Mama naye akashindwa kujizuia. Mimi nikalia kwa furaha mbele yao bila aibu, na suruali ya mteja ikapoa mezani bila kunyooshwa.