Isiwiko

…na aliyewaua ni nani, mwalimu, ndilo swali la Gaëlle, kauliza akiwa chini ya dawati lake, magoti kifuani, kalamu bado mkononi, kwa Kiingereza cha watoto waliozaliwa humu humu Johannesburg, na Kidawa amesimama mbele ya ubao kashika tofali, tofali zima jekundu aliloliokota Doornfontein walikobomoa karakana, kalileta leo ili darasa la tano waone watu wa Mohenjo-daro, kule India ya kale, walivyojenga mji wao miaka elfu nne na ushei iliyopita, kimo kimoja, upana mara mbili, urefu mara nne, kila tofali hivyo hivyo, mji mzima hivyo hivyo, na alikuwa katikati ya kueleza hayo geti la shule lilipopigwa mara ya kwanza, na sasa linapigwa tena, paa, paa, chuma kwa chuma, na sauti za wanaume wanaosaka wageni, vula, vula, fungueni, mara nyimbo, mara vula tena, na watoto wote thelathini na mmoja wako sakafuni kwa sababu Cédric mlinzi alipita koridoni mbio akachungulia mlangoni, "Mama mwalimu, funga mulango, batoto bakae chini, mi naenda kusema nabo," akaenda kusema nao, mtu wa Lubumbashi, mpole mpaka anakera, shati la ulinzi linampwaya, mikono mitupu, kaenda kusema na watu waliobeba fimbo na nyundo, na mkuu wa shule, Bwana Karimu, kajifungia ofisini na simu sikioni, polisi wako njiani, wako njiani, tangu saa nne wako njiani… akiingia wa kwanza nampiga hapa, anawaza Kidawa, na kidole gumba kinatafuta pembe ya tofali, hapa, kwenye panda la uso, mlango unafunguka kwa ndani na mimi nitakuwa nyuma yake, hatanitazamia, atatazamia mwanamke anayelia, nitampiga kwa pembe siyo kwa ubapa, ubapa unaangusha tu, pembe inaingia, halafu nampiga tena akiwa chini, nampiga mpaka uso usijulikane kuwa ni wa nani, na mawazo haya yamemjia matamu, hilo ndilo linalomtisha, yamemjia matamu mdomoni mbele ya watoto wa watu. "Mwalimu," anasema Gaëlle, "umesema kulikuwa na mifupa njiani."

Ndiyo, kasema, kasema mwenyewe, na wala hakupaswa kusema, maana vitabu viko viwili, kuna cha zamani alichokikuta kabatini, kurasa zimekuwa manjano, kinasema mji ulivamiwa, wageni walikuja kutoka kaskazini na silaha, wakawachinja watu vichochoroni, ndiyo maana mifupa ilikutwa imelala ovyo, mmoja juu ya mwenzake, na kuna kipya kilicholetwa na bodi ya shule, wazee wa Fordsburg wenye asili ya Gujarat wanaotaka watoto wajue kuwa India haikuanzia kwenye meli za vibarua wa miwa, hicho kinasema hapana, mifupa ile si ya siku moja, hakuna alama ya vita, mto ulihama, maji yalipungua, watu wakafunga mizigo kidogo kidogo wakaenda kuishi kwingine, na jana jioni alipokuwa anaandaa somo Kidawa alivisoma vyote viwili na akachagua cha zamani, anajua kabisa si sahihi, akakichagua, kwa sababu mji wenye visima kila mtaa, wenye mifereji iliyofunikwa, wenye mabafu, mji usiokutwa hata na sanamu moja ya mfalme anayekanyaga mtu shingo, mji kama huo haufi hivi hivi, lazima kuna aliyeuua, lazima kuna jina, lazima kuna uso wa kupiga… paa. Kioo cha dirisha kimetetemeka. Mtoto mmoja ameanza kulia, ni Glody huyo, akilia huwa anapiga kwikwi, na Kidawa anasema, nyamaza baba, nyamaza, tuko darasani, na anajisikia mjinga, tuko darasani, kana kwamba darasa ni ukuta. Mchoro wa somo bado uko ubaoni, kachora muhuri, mnyama mwenye pembe moja na juu yake maandishi, samaki, mtungi, mistari mitatu, na akawaambia maandishi haya hakuna mtu duniani anayeweza kuyasoma, wasomi wamehangaika miaka mia, hawajui hata lugha yenyewe ilikuwa ipi, na Mayasa, bintiye, anayekaa dawati la mbele kwa sababu mama yake hataki akae nyuma, Mayasa alicheka akasema, labda wameandika tu samaki. Darasani Mayasa humwita mwalimu kama wenzake, ndivyo walivyopatana tangu siku ya kwanza, nyumbani Mama, shuleni Mwalimu, na sasa yuko chini ya dawati, soksi moja imeshuka, anamtazama mama yake bila kupepesa.

Usinitazame hivyo, mwanangu. Una macho ya Pandu na hujui, hujamwona, ulikuwa tumboni miezi saba baba yako alipo… gari, nilikwambia, gari lilipita taa nyekundu, hizi wanazoita robot, likamgonga, nimekwambia hivyo miaka kumi na moja na nimekuonyesha mpaka barabara yenyewe, mwongo mimi, nimekuonyesha mpaka robot yenyewe, na kila tukipita hapo unanishika mkono. Pandu wa Unguja, fundi wa maneno, aliyefungua spaza ndogo nyuma ya Turffontein, akauza mkate na sabuni na mishumaa, na ndani ya miezi mitatu anatania wateja kwa Kizulu, maana alikuwa na nadharia yake, alisema Kizulu ni Kiswahili kilichokwenda kusini kikashikwa na baridi, sikiliza Kidawa, nyama ni inyama, mvua ni imvula, nyoka ni inyoka, mtu ni umuntu, unaona, ni ndugu zetu hawa, na kile cha kwetu kinachoanza na ki wao wanasema isi, Kizulu isiZulu, kifua isifuba, basi huna haja ya mwalimu, ukikwama geuza ki iwe isi na uende zako, na akageuza, akaenda zake, na mara nyingi alipatia, na alipokosea wateja walicheka wakamsahihisha na yeye akacheka nao, akaandika kwenye gamba la boksi la sigara lile neno sahihi… mpaka ile Jumanne walipoingia. Sita. Kidawa alikuwa nyuma ya magunia ya unga kwa sababu mgongo ulimuuma na Pandu kamwambia jinyooshe kidogo, na kilichobaki ni mwanya wa upana wa viganja viwili, kaona mikono, kaona viuno, hakuona nyuso, na hilo ndilo linalomla, kwamba hana uso hata mmoja wa kuchukia, na mmoja akainua mkono wake akaukunja, akagonga kiwiko chake kwa mpini wa nyundo, yini le, hiki nini, sema, kama wewe ni wa hapa sema, na Pandu, Mungu wangu, Pandu akatabasamu. Alitabasamu kwa sababu swali lilikuwa jepesi. Ki iwe isi. "Isiwiko," akasema, kwa sauti ya mwanafunzi hodari, na wakacheka, wote sita, kicheko cha mbavu, mmoja akainama akajipiga paja, isiwiko, isiwiko, na Pandu naye akacheka, akadhani kaponea, akadhani ni kama siku zote, watanisahihisha sasa, na bado alikuwa anacheka nyundo iliposhuka. Sauti ya nyundo kwenye kichwa cha mtu si kubwa, watu wanadhani ni kubwa. Ya pili ilikuwa na maji ndani yake. Kidawa aling'ata ushungi wake mpaka jino likatoka, na mtoto tumboni akageuka, na juu yake unga ulikuwa unavuja taratibu kwenye tundu la gunia ukimwagikia shingoni, na wao wakabeba soda wakaenda.

Lile neno lenyewe, la kweli, alikuja kulijua kliniki, wiki ya tatu, nesi akitaka kumpima presha, mama, kunja hii, akaligusa na kulitaja, na Kidawa akatapika juu ya kitanda cha watu. Hajalitaja tangu siku hiyo. Anasema hapa. Anasema mkunjo wa mkono. Mtoto akianguka anasema umejichubua hapa, pole, na juzi tu alipokuwa anawafundisha dhiraa, jinsi wazee wa kale walivyopima kwa mkono, aliwaambia kuanzia hapa hadi ncha ya kidole, na akajigonga hapo kwa chaki, na watoto wakamtazama, mwalimu anayejua majina ya miji iliyokufa hajui… na nje sasa nyimbo zimekatika. Zimekatika ghafla. Dirisha la juu halifungi, kitasa kilivunjika tangu Januari, na kila kitu kinaingia, mtu anakohoa, mtu anasema madoda, thulani, nyamazeni wanaume, na kisha sauti moja, ya kijana, ya kawaida tu, inaweza kuwa ya kijana anayeuza airtime, inasema, "Wena, gadi. Yini le?"

Yini le. Tofali limepanda lenyewe mpaka usawa wa sikio. Cédric hajibu. Cédric ana miaka miwili tu hapa, anasema mulango, anasema batoto, Kizulu chake ni sawubona na yebo, na Kidawa alimpa chai kila asubuhi, miaka miwili ya chai, angeweza kumwambia, neno moja tu Cédric, lishike, likae mfukoni, hakumwambia, kwa sababu kinywa chake kitukufu hakitaki kulitaja, ameliacha neno lioze ndani na sasa mtu atakufa kwa kukosa neno ambalo mimi ninalo, muuaji, muuaji wewe, na mimi nitatoka, nitatoka na hili tofali nitapasua kichwa cha kwanza nitakachofikia, cha kijana, cha mzee, cha yeyote, nitakisikia kikipasuka… "Yini le?" tena, na kitu kimegonga chuma. "Mama," anasema Mayasa.

Kasema Mama. Darasani. Katoka chini ya dawati nusu, kainua mkono kaukunja, na kwa kidole anajigusa pale, na analitaja, taratibu, kwa Kizulu safi cha mtu aliyezaliwa nacho, "Indololwane." Nyamaza, anasema Kidawa, umelitoa wapi, swali la kipumbavu, kila mtoto wa mji huu analijua, lakini Mayasa anajibu kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwa sauti ya kuogopa kugombezwa, "Kwako. Ukilala. Unasema indololwane, indololwane, halafu unalia. Tangu nikiwa mdogo." Na baada ya hapo, "Hakugongwa na gari, sivyo? Walimuuliza. Alisema nini?" Nao watoto wote wanamtazama, thelathini na mmoja chini ya meza, Glody na kwikwi zake, Gaëlle na kalamu yake, na Kidawa, ambaye miaka kumi na moja alidhani anakiangalia hicho kitu peke yake, ambaye alidhani usingizi ni mahali pa siri, anasikia mdomo wake ukisema, "Alisema isiwiko."

Na wakacheka. Hawakuweza kujizuia, kwanza Glody, katikati ya kilio, halafu dawati la tatu, halafu wote, kwa sababu linachekesha, jamani, kwa mtoto ajuaye Kizulu linachekesha sana, isiwiko, na Mayasa naye kacheka huku machozi yanamshuka, mkono mdomoni, na Kidawa amesimama na tofali sikioni, anakijua hiki kicheko, ni kile kile, kina kimo kile kile na upana ule ule, na anangoja kile kinachokuja baada yake, anangoja, mwili wote unangoja, na hakiji. Kinachokuja ni kile wanachomfanyia kila siku akikosea neno lao, kile walichokuwa wanamfanyia Pandu wateja wake, wanamsahihisha, kwa pamoja, kwa sauti ya kuimba, sauti thelathini na moja kupitia dirisha lisilofunga, "In-do-lo-lwa-ne, mwalimu!" Kisha sauti ya Cédric, nyembamba, ya mwanafunzi wa siku ya kwanza, ikirudia silabi moja moja, ikiteleza kidogo mwishoni.

Halafu paa, chuma kwa chuma, na vula, vula, na wimbo ukaanza upya, na polisi wako njiani, na mlango bado unafunguka kwa ndani. Lakini Cédric bado anasema, Kidawa anamsikia, anabishana sasa, anasema batoto, batoto tu iko humu. "Mwalimu," anasema Gaëlle, maana Gaëlle haachi kitu kikapita, "sasa nani aliwaua?" Na Kidawa anamtazama Mayasa, kisha muhuri ubaoni, kisha kile kitabu cha zamani juu ya meza, na anajisikia kuchoka kuliko alivyowahi kuchoka. "Si kweli niliyowaambia," anasema. "Wengi waliondoka. Walikwenda kuishi kwingine, na huko walikokwenda hatujui walijibu nini walipoulizwa." Akahamishia tofali mkono wa kushoto, akalishika vizuri, na kwa mkono wa kulia akachukua chaki.