Mita Mia Mbili

Jumatatu asubuhi karani wa ubao alifika kiwanja cha ndege akakuta foleni imeshafika mlangoni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika safari ya pekee ya siku, ile ya kwenda kiwanja cha pili: kilomita 312, dakika hamsini na tano. Siku hiyo aliandika 31, kalamu ikamkaukia mkononi, akaacha hivyo hivyo.

Ndege iliruka, ikatua, ikarudi kabla chai yake haijapoa.

"Umeandika thelathini na moja," rubani alimwambia.

"Wino uliisha."

"Si kitu. Ila abiria wanalalamika, wamefunga mikanda bure."

Meneja aliutazama ubao, akakuna kidevu. Kuongeza umbali, alisema, kunahitaji kibali cha makao makuu. Kuhusu kupunguza, kanuni zilikuwa kimya.

Karani alilishika neno hilo. Mumewe alikuwa fundi wa ndege kwenye kiwanja cha pili, na kwa miaka minne makao makuu yalijibu maombi yao ya uhamisho kwa neno moja: yanashughulikiwa. Binti yao wa miaka mitatu alimwita baba yake Simu. Karani alicheka kila mara mtoto aliposema hivyo, kisha akaenda jikoni kulia.

Jumanne aliandika kilomita tatu. Jumatano akaandika mita mia mbili, akapiga na mstari chini. Alipogeukia dirisha, kiwanja cha pili kilikuwa ng'ambo ya nyasi, pamoja na karakana yake na mabweni yake, na mumewe yuko juu ya ngazi anakaza skrubu. Alimaliza kuikaza, akafunga sanduku la vifaa, akavuka kwa miguu.

"Umekonda," mkewe alimwambia.

"Kantini ile, mke wangu, acha tu."

Abiria waliendelea kupanda ndege, maana tiketi ni tiketi. Walifunga mikanda, ndege ikajigeuza, wakashuka wakipiga makofi. Bado walitakiwa kufika saa mbili kabla ya safari.

Mkaguzi wa makao makuu alikuja na utepe wa kupimia. Alipima, akaandika mia mbili, akagonga muhuri. Karani akamuuliza habari za uhamisho.

"Hilo ni la ofisi nyingine, dada. Mtumishi analala kituoni kwake. Saa mbili usiku majina yanaitwa, na yeye aitike."

Basi kila jioni fundi alivuka nyasi, akambeba bintiye mabegani, akala mpaka sahani ikang'aa. Mtoto alimzoea upesi, akaanza kumtuma huku na kule kama bosi. Nyumba ilijaa vicheko, na karani alikuwa na furaha kuliko alivyowahi kuwa. Saa mbili kasorobo mume aliaga, mtoto akamng'ang'ania mguu.

Mwezi wa tatu barua ilifika. Fundi aliisoma mezani, amempakata bintiye. Ombi lao la saba lilikuwa limekataliwa, kwa kuwa umbali kati ya vituo hivyo viwili ni mkubwa mno kumhamisha mtumishi na mizigo yake.

"Wametia saini?" mkewe aliuliza.

"Wawili."

Alimwongezea chai. Fundi aliimaliza, akamkabidhi mtoto, akavaa viatu, akatoka. Dirisha lilikuwa wazi, na baada ya muda mfupi walimsikia akiitika jina lake.