Buti Chini ya Tairi

Lori la Kobe halikumgonga Shangazi kwa kasi. Kobe hakuwa dereva wa kasi; jina hilo hakupewa bure. Alirudi nyuma polepole kwenye maegesho ya ghala, Shangazi akipita na turubai begani, na tairi likapanda ncha ya buti lake la kushoto, likatulia hapo hapo.

Shangazi, aliyeshona maturubai ya malori hayo tangu madereva wengi hawajaota ndevu, alilipiga lori kofi.

"Kobe, mwanangu, umenikanyaga."

Kobe akazima injini, akashuka, akaona, akakaa chini.

"Usikae. Sogeza gari."

Kobe alikuwa anapanda tena meneja alipokuja mbio. "Hakuna kugusa kitu. Mkaguzi wa usalama lazima akute tukio lilivyo."

"Tukio lenyewe ni mimi," Shangazi akasema.

"Ndiyo maana nakuomba utulie, mama."

Mkaguzi alikuwa njiani. Baadaye akawa bado yuko njiani. Meneja, ambaye hakuwa na roho mbaya, aliagiza kiti, kisha mwavuli, kisha, kwa kuwa kazi ilikuwa imelala, akamletea turubai lililochanika alishone. Wapagazi walipita wakimpa pole. Vidole vilimwaka moto. Kobe alimshikia glasi ya maji, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, Shangazi. Sikukuona kwenye kioo."

"Uliangalia?"

Kobe akainamisha kichwa.

Hapo uvumilivu ukamwishia Shangazi. Alichukua mkasi wake, akakata kamba za buti, akalichana ngozi, akauchomoa mguu huku ameuma meno. Kobe akampakia kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe hadi zahanati.

Mkaguzi alipofika alikuta buti tupu chini ya tairi.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ameondoka bila ruhusa," meneja akajibu kwa masikitiko.

Vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Meneja alimpelekea machungwa nyumbani, akamuuliza kwa adabu kama angeweza kuurudisha mguu pale kidogo tu, upigwe picha. Shangazi alipokea machungwa, akamwonyesha mlango.

Aliporudi kazini alikuta njia ya waenda kwa miguu imechorwa kwa rangi nyeupe. Malori matatu yalikuwa yameegeshwa juu yake. Kobe peke yake ndiye siku hizi hushuka, akalizunguka gari lake lote, akachungulia chini, ndipo arudi nyuma. Wenzake humpigia honi. Shangazi humsubiri amalize, kisha huvuka.