Koki Iliyomshinda Mzee Futi

Koki ya jikoni ilianza kudondoka Jumatatu. Kufikia Ijumaa ilikuwa imefunguliwa mara nne na kufungwa mara nne, na kila ilipofungwa ilivuja kuliko mwanzo. Ile ya zamani ilikuwa inadondoka mdomoni, tone moja, unahesabu mpaka kumi ndipo linakuja la pili. Baba mkwe akaitoa, akanunua mpya inayong'aa, na hiyo mpya ikaanza kuvuja shingoni, pale inapoingia ukutani. Maji yakawa yanateremka kwenye vigae polepole, kama mgeni anayetafuta choo na anaona aibu kuuliza.

Huyo baba mkwe mtaa mzima ulimwita Mzee Futi. Alikuwa fundi cherehani miaka arobaini, na futikamba yake ilikuwa haijatoka shingoni hata sasa ambapo alikuwa hashoni tena. Macho yalikuwa yamegoma kuona tundu la sindano. Cherehani ikaenda kwa mpwa wake, naye mzee akabaki na futi.

Mkwe, mke wa mwanawe, aliolewa katika nyumba ile mwezi uleule cherehani ilipoondoka, kwa hiyo aliyaona yote. Aliona jinsi mzee alivyokaa dirishani wiki tatu nzima. Ukimpa chai, "Sawa." Ukimwambia mvua inakuja, "Sawa." Mume wake, kabla ya kwenda kazini asubuhi, alikuwa anamtazama baba yake halafu anatazama viatu. Kisha siku moja bawaba ya mlango wa bafu ikakatika. Mzee akaazima bisibisi kwa jirani, akapiga misumari mitano pale palipotaka miwili, na jioni ile akala sahani mbili na kusimulia hadithi ya bwana harusi aliyenenepa katikati ya vipimo. Tangu hapo akaanza kukusanya vifaa: spana, koleo, msumeno mdogo, vyote ndani ya sanduku la bati la kijani. Mlango wa bafu mpaka leo ukiufunga unalia kama mbuzi, lakini mzee alikuwa amerudi kwa watu.

Sasa mama mkwe alikuwa amechoka. Ijumaa jioni, baada ya kupiga deki jikoni mara ya tatu, alisimama na tambara mkononi.

"Mume wangu, nakupa mpaka kesho saa sita mchana. Mdogo wangu anakuja kula hapa. Akikuta koki hii inadondoka hata tone moja, hilo sanduku linapanda kwenye gari lake. Sisi tutamwita fundi bomba kama watu wengine."

"Hata tone moja?"

"Hata nusu."

"Nusu tone halidondoki, mke wangu. Linaning'inia tu."

"Mimi nimeshasema."

Mzee alicheka, ila mkwe alimwona anavyolisogeza lile sanduku kwa mguu, taratibu, mpaka likaingia chini ya kiti chake.

Jumamosi saa tatu kazi ikaanza. Koki kuu ya nyumba ilikuwa nje karibu na geti, ndani ya kishimo chenye mfuniko wa zege, na mama mkwe alijiwekea kigoda hapo na ungo wa mchele, ili achambue huku akifunga na kufungua maji. Mkwe alikuwa jikoni ameshika tochi. Mzee aliketi, akashika koki kwa mkono wa kushoto, akachukua ule utepe mweupe mwembamba wa mafundi bomba, akaanza kuuviringa kwenye nyuzi za chuma. Aliviringa haraka, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo, kama alivyoviringa bobini za cherehani maisha yake yote. Kila mzunguko ulilala juu ya mwenzake, bila kunyanzi hata moja.

"Tazama hiyo, mwanangu. Kiwandani hawawezi."

Kweli ilipendeza. Akaikaza ukutani kwa spana, akapaza sauti kupitia dirisha ili mke wake afungue, na maji yakaja. Yalipitia mdomoni na yalipitia shingoni pia.

"Funga," mzee akasema. "Utepe wa siku hizi feki."

Mara ya pili aliongeza mizunguko, ikawa kumi. Mkwe safari hii hakumtazama mzee, alitazama utepe. Alikuwa na tabia hiyo tangu mdogo, ya kutazama kitu mpaka kimwambie kilichonacho. Akaona. Mzee alipokuwa anakaza kwenda kulia, ncha ya utepe ilinyanyuka kidogo, ikajikunja, ikarudi nyuma. Koki ilipozidi kuzama, utepe ulizidi kujikusanya nje kama upindo uliochanika. Mzee alikuwa anauviringa kwenda kushoto. Mkono mmoja unavika, mwingine unavua.

Ilikuwa saa nne na dakika kadhaa. Angesema pale pale, mambo yangekwisha. Lakini mkwe wa miezi saba anaanzaje kumwambia baba mkwe wake, fundi wa miaka arobaini, kwamba anaviringa kinyume? Akajipa mpaka jaribio la tatu.

Kabla ya hilo la tatu gari likasimama getini. Mdogo wake mama mkwe alikuwa amefika saa nzima kabla ya muda, kwa sababu habari za sanduku zilikuwa zimeshamfikia. Alikuwa dereva, mtu mnene mwenye shati lililopigwa pasi kali, na kwa maneno hana mshindani. Akamsalimia dada yake pale kwenye kigoda, akaja kuegemea mlango wa jikoni.

"Shikamoo shemeji. Hiyo koki unaifunga au unaishonea suruali?"

"Marahaba. Kaa chini usinizibie mwanga."

"Ukimaliza usisahau mfuko wa nyuma."

Mkwe akauma mdomo. Sasa ndiyo ilikuwa balaa. Neno lolote akilitoa mbele ya huyu bwana, litafika gengeni kabla yeye hajageuka, na mzee atachekwa mpaka mwakani. Na asipolitoa, sanduku linaondoka. Akajaribu kupita pembeni.

"Baba, nipe mimi utepe niviringe, wewe upumzike."

"Shika tochi, mwanangu. Hii kazi ina mkono wake."

"Au tukaze polepole, huku tunauangalia utepe unafanya nini?"

"Ahaa, unaona ni mchache?" Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mkwe wangu ana akili. Tuweke ishirini."

Akaweka ishirini. Koki ikawa imevaa kilemba. Maji yalipofunguliwa yalitoka shingoni kwa pande zote, yakamrukia mzee kwenye miwani, na kule getini mama mkwe aliposikia mdogo wake anavyocheka akafunga mwenyewe bila kuambiwa.

"Bado dakika ngapi?" akauliza kutoka huko.

"Ishirini, dada," akajibu yule shemeji dereva. Akainama, akalivuta sanduku kutoka chini ya kiti, akalinyanyua kama mtu anayepima uzito wa kuku. "Zito. Shemeji, humu umeweka vifaa au matofali?" Akaenda kuliweka karibu na mlango.

Mzee alilitazama lile sanduku pale mlangoni. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha. Mkono wake ukapanda shingoni, ukashika futi.

"Sawa," akasema.

Mkwe alikuwa analifahamu hilo "sawa". Lilikuwa la dirishani. Akaweka tochi kwenye sinki, na bila kuomba ruhusa akaichukua koki mkononi mwa mzee. Akakibandua kile kilemba chote, akakitupa, akakata utepe mpya na kuanza kuuviringa.

"Mwanangu, unakwenda kinyume," mzee akasema.

"Baba, nikuulize. Kitambaa cha mahameli kinapapaswa kuelekea wapi?"

"Mahameli? Unafuata manyoya yake. Ukienda kinyume yanasimama, nguo inabadilika rangi. Hilo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua."

"Na koki ukiikaza, mkono wako unaelekea wapi?"

Mzee akainua mkono wa kulia, akakaza koki isiyokuwepo, kwenda kulia. Kisha akainua na wa kushoto, akaviringa utepe usiokuwepo. Akafanya yote mawili kwa pamoja. Mikono ikawa inazunguka mbele ya uso wake, mmoja huku, mwingine kule.

"Dada," shemeji akaita, "njoo umwone mumeo, anacheza."

Mzee hakumsikia. Alisimamisha mikono. Mkwe akashusha macho, akingoja kusikia atakavyokemewa. Badala yake kikatoka kicheko, tena cha tumboni kabisa, mpaka futi ikateleza begani.

"Nafumua," mzee akasema. "Wiki nzima nafumua. Miaka arobaini nimeshonea watu nguo, nimekuja kufumua bomba." Akatoa kichwa dirishani. "Mke wangu, unasikia? Nilikuwa naviringa kinyume, kama bobini. Mkwe wako ndiye ameona."

"Nilijua tu lazima awepo mmoja mwenye macho humo ndani," mama mkwe akajibu kutoka getini.

Siri ambayo mkwe aliibeba asubuhi nzima kama yai, mzee mwenyewe ameitangaza mpaka barabarani.

"Na wewe uliona saa ngapi?" mzee akamgeukia.

"Saa nne, baba."

"Saa nne. Ukanyamaza mpaka mimi naoga na nguo zangu."

"Niliona aibu, baba."

"Aibu haizibi maji, mwanangu. Siku nyingine nipige hata kofi la mgongo."

Wakaviringa pamoja, mzee akishika koki na mkwe akizungusha utepe, mizunguko kumi na miwili. Mzee akakaza. Safari hii utepe ulizama wote, haukutoa hata ulimi. Tatizo likabaki moja. Koki ilipofika mwisho wa kukaza, mdomo wake ulikuwa haujatazama chini kwenye sinki. Ulikuwa umetazama dari.

"Zungusha nusu tena," akasema mkwe.

"Ukilazimisha itapasuka hiyo," akasema shemeji, na kwa hilo alisema kweli.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika mbili. Mzee akaita maji. Kule nje koki kuu ikafunguliwa, bomba likakoroma ndani ya ukuta, kisha kimya. Hakikuvuja kitu. Mama mkwe akaja mwenyewe na ungo wake, mikono ina vumbi la mchele, akautua mezani, akachukua kipande cha karatasi kikavu akakipitisha shingoni mwa koki, juu, chini, pembeni. Akakiangalia kwenye mwanga. Kikavu.

"Dada, usidanganywe," akasema shemeji. "Koki gani hii inasali? Ngoja uone." Akanyoosha mkono juu ya sinki, akaifungua.

Maji yaliruka moja kwa moja, yakampata kidevuni, yakateremka kwenye lile shati la pasi mpaka kwenye mkanda. Kwa kuhangaika akaizungusha zaidi badala ya kuifunga, yakampata sikioni. Mkwe ndiye aliyeifunga, huku machozi ya kicheko yanamtoka na mama mkwe ameshikilia meza.

"Umeona sasa?" shemeji akasema, anajikamua. "Nipeni sanduku langu niende."

"Ngoja kwanza." Mama mkwe akafuta macho. "Mimi nilisema ikidondoka. Hapo imedondoka?"

"Dada, imeniogesha."

"Imeruka. Kuruka sikusema." Akamgeukia mumewe. "Sanduku linabaki."

Mzee Futi alikuwa ameshapanda juu ya kiti chake, anaipima koki kwa futi kutoka mdomoni mpaka kwenye sinki, na miwani imejaa matone. "Ni kutoa mizunguko mitatu ya utepe tu, mke wangu, ipate kuzama zaidi. Itageuka yenyewe. Mwanangu, nipe spana, ipo kwenye sanduku."

Mkwe akageuka mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameshaliketia sanduku, ameweka ungo wa mchele mapajani, na hakuwa na dalili ya kunyanyuka.

"Kwanza tupike tule," akasema. "Maji tutachota bafuni."