Kaburi ya Katungu katika Muchanga Mweupe

Kijiji yetu iko kwenye barabara ya Bafwasende, watu wanaiita Muchanga Mweupe. Kampuni moja ilimaliza miti yote pale, ikaenda zake. Tulipofika kutoka Lubero, familia tisa tukikimbia vita, wakubwa wa pale walitupatia mahali ile ambayo hata majani ilikataa kuota. Bon, mulime, walisema, na walikuwa wanacheka.

Ni muke wangu Katungu aliyepata njia. Aliokota migomba iliyotupwa, akaikata vipande, akaizika ndani ya muchanga ili ishike maji. Juu yake akapanda muhogo wa pondu, yale majani tunayopika. Mwaka wa pili tulikuwa tunajaza soko ya Kisangani. Hiyo ndiyo histoire ya kijiji, na haiko kwenye karatasi yoyote.

Homa ilimuua 2006. Barabara ya kurudi Lubero ilikuwa imefungwa, nikamuzika kwenye bustani yake bila hata shuka. Kabla ya kukata roho aliniapisha nimurudishe Lubero, penye baridi yake.

Mwaka huu malori yanapita tena. Nilikwisha kutengeneza sanduku ya mifupa yake. Alors, mukubwa mmoja wa ofisi ya serikali akakuja na tajiri anayetaka shamba zetu, sasa kwa kuwa zinazaa. Akasema sisi ni wapita njia. Kama iko kijiji kweli, tuonyeshe kaburi ya zaidi ya miaka kumi na tano.

Kaburi ya namna ile ni moja tu.

Sadrack, chef wetu wa kijiji, alikuja kwangu akaangalia ile sanduku.

"Papa Paluku, ukimutoa yeye, sisi wote tunatoka."

"Si mulikuwa munamuita mama wa takataka?"

"Tulimuita, papa. Na pondu yake tunaikula mpaka leo."

Nikawaza moyoni: Mutu amelala bila shuka miaka ishirini, sasa wanamutaka awe shahidi.

Siku ya tatu mukubwa alirudi, viatu vikijaa muchanga. Nilimupeleka kwenye musalaba wa Katungu. Alisoma tarehe, akaandika: kaburi moja. Nikamuomba aandike na jina. Akasema fomu haina nafasi ya jina, lakini kijiji inatambuliwa.

Watu walipiga vigelegele, wakarudi kulima. Mimi nilibaki pale, nikamuambia Katungu kwa Kinande, lugha ya kwetu, kwamba hatuendi tena Lubero. Sina mutu mwingine hapa wa kumuambia.